Alama Iko Ziwani, Platuni Iko Nchi Kavu: Kutafuta Kasoro za Data Kwenye Chumba cha Operesheni

"Platuni ya pili iko wapi?"

"Mfumo unaonyesha iko hapa, afande." Kidole cha afisa zamu kilikuwa katikati ya ziwa.

Ulikuwa usiku wa pili wa zoezi la makao makuu, nami ndiye niliyekuwa nasimamia mfumo wa amri na udhibiti, ule unaoonyesha kwenye skrini vikosi vilipo, nimekaa kiti cha pembeni. Kamanda hakusema neno. Alichukua redio, akaiita platuni, akasomewa gridi, yaani namba za mahali ilipo, akaichora kwa penseli kwenye ramani ya karatasi. Kuanzia dakika ile hakuna aliyeitazama tena skrini kubwa ukutani. Kilichoniuma zaidi ni kwamba ripoti yangu ya ubora wa data ya asubuhi ile ilisema asilimia 98. Na haikukosea hesabu. Asilimia 98 ya sehemu za fomu zilikuwa zimejazwa. Ilipima kujazwa, haikupima ukweli, na mimi sikuwahi kujiuliza tofauti yake.

Ninaandika kwa ajili ya anayekaa kiti kile sasa. Nimepanga kwa dalili, kwa sababu kasoro ya data humjia mtu kama dalili kwanza: alama mahali pasipo pake, saa isiyoingia akilini, kamanda aliyerudi kwenye penseli.

Kabla ya dalili yoyote: pima kwanza, usirekebishe

Mfumo wa amri na udhibiti una picha tatu za jambo moja. Kuna kilichoko medani, kuna kilichoandikwa kwenye hifadhidata, na kuna kile ambacho mtu aliyeketi mbele ya skrini amekielewa. Kasoro hukaa kwenye nafasi kati ya picha hizo. Vipimo vinavyokuja na mifumo mingi huishia ndani ya hifadhidata: sehemu imejazwa au la, namba iko ndani ya mipaka au la, jedwali hili linakubaliana na lile au la. Vina kazi yake, ila mfumo hauwezi kuwa shahidi wa kesi yake wenyewe. Unahitaji ushahidi kutoka nje.

Fanya hivi. Chagua vitu 30, kwa kura, si vile unavyodhani ni muhimu. Nusu yake vichague kutoka kwenye skrini, na nusu kutoka kwenye orodha ya vikosi vyenyewe: nani ametoka kambini, gari gani liko njiani. Nusu hii ya pili ndiyo watu huisahau, na bila hiyo hutagundua kamwe kitu kilichoko medani ambacho hakimo kwenye mfumo, maana kisichoonekana hakiwezi kuingia kwenye kura inayopigwa kwa kutazama skrini. Piga picha ya skrini na uandike saa. Kisha uliza mahali pa kila kimoja kwa njia nyingine isiyopitia mfumo huo huo. Hapa tumia njia ya siri mliyopangiwa; ukaguzi wa data si sababu ya kutangaza gridi za wenzako hewani.

Andika tofauti kwa mita, na usiandike umbali peke yake. Tenga mashariki-magharibi na kaskazini-kusini, safu mbili. Ongeza umri wa taarifa. Kisha, kabla hujamwonyesha afisa zamu majibu, muulize yeye: kwa ufahamu wako, hiki kiko wapi na kinafanya nini? Jibu lake ni safu ya mwisho, na mara nyingi ndiyo inayofundisha kuliko zote.

Angalizo la hesabu: ukipata makosa 3 kati ya 30, usikimbilie kutangaza "makosa ni asilimia 10". Kwa sampuli ndogo kiasi hicho, kiwango halisi kinaweza kuwa chini kama asilimia 2 au juu kama 26. Sampuli hii inakuonyesha aina ya ugonjwa. Kama unataka kujua ukubwa wake kwa uhakika, ongeza idadi.

Dalili: alama imeangukia baharini au nchi nyingine

Hii ndiyo dalili rahisi, kwa kuwa inapiga kelele yenyewe. Chukua Dar es Salaam, iliyoko takriban nyuzi 6.8 kusini na 39.3 mashariki. Alama ya kutoa ikipotea mbele ya 6.8, kikosi chako kimehamia kusini mwa Ethiopia. Latitudo na longitudo zikibadilishana nafasi, kiko magharibi mwa Uhispania, karibu na mpaka wa Ureno. Sehemu zikiachwa tupu na mfumo ukaweka sifuri mbili, kiko kwenye Ghuba ya Guinea. Ukiyakariri haya matatu kwa eneo lako mwenyewe, utatambua chanzo kwa kutazama tu kosa lilikoangukia.

Kwa gridi za mita, angalia kanda, yaani kipande cha ramani chenye upana wa nyuzi 6 za longitudo. Tanzania imekatwa na kanda tatu, ya 35, 36 na 37, kwenye longitudo 30 na 36, na namba zile zile za mita hujirudia katika kila kanda. Mtu anayetoka Dodoma kwenda Arusha anavuka kutoka kanda ya 36 kuingia ya 37. Akiendelea kuandika kanda ya zamani, alama inaruka zaidi ya kilomita 600. Kenya ina mtego wake: ikweta inapita katikati, na upande wa kusini namba za kaskazini huhesabiwa kuanzia milioni 10. Sehemu ya kusini kidogo ya ikweta ikiandikwa kwamba ni ya kaskazini, alama inakwenda karibu na Ncha ya Kaskazini ya dunia.

Sasa kosa lililoipeleka platuni yangu ziwani. Ni la kimya zaidi, kwa sababu haliruki mbali vya kutosha kumshtua mtu kila mara. Msoma redio alisema "mbili, arobaini na nane kusini", akimaanisha nyuzi 2 na dakika 48. Mwandishi akaandika 2.48. Dakika 48 ni sehemu 0.80 ya nyuzi, si 0.48, na tofauti hiyo ni karibu kilomita 35. Nchi kavu ingekuwa pana kidogo, tungekuwa na platuni iliyoonekana iko mahali pa kuaminika kabisa, na ambapo haipo.

Kuna kipimo chake kizuri, na hakihitaji kuuliza mtu yeyote. Toa koodineti zote za wiki nzima, tazama tarakimu mbili za mwanzo baada ya nukta. Zikiwa ni desimali za kweli, zitatawanyika kuanzia 00 hadi 99 kama kikosi kimezunguka eneo pana. Ukiona mamia ya namba na hakuna hata moja iliyovuka 59, umeshakamata. Hizo ni dakika zilizovaa nguo za desimali. Dawa yake ni fomu yenye visanduku viwili tofauti, cha nyuzi na cha dakika, chenye kukataa chochote cha 60 na zaidi. Kuwaonya waandishi hakusaidii. Mtu aliyekesha atarudia kosa lile lile saa 10 alfajiri.

Dalili: kila kitu kimesogea kidogo, upande ule ule

Hapa ndipo zile safu mbili zinapolipa. Tafuta wastani wa tofauti za kaskazini-kusini, kisha wa mashariki-magharibi. Kama wastani uko karibu na sifuri lakini tofauti moja moja ni kubwa, huku na huku, tatizo ni usomaji wa mtu mmoja mmoja au taarifa zilizochelewa vikosi vikiwa vinatembea. Kama wastani ni mkubwa na karibu kila kipimo kinaangukia humo humo, kuna kitu kimoja kinachosukuma vyote, na ukikipata utaponya vyote kwa siku moja.

Kwetu mshukiwa wa kwanza ni ramani. Karatasi za zamani za Tanzania, Kenya na Uganda za 1:50,000 zimechorwa kwa msingi wa upimaji uitwao Arc 1960. Vifaa vya GPS hutumia WGS 84. Sehemu ile ile ya ardhi ina namba tofauti katika misingi hiyo miwili: kwa gridi, tofauti inakaribia mita 300, na nyingi yake ni ya kaskazini-kusini. Kikosi kimoja kinasoma gridi kwenye karatasi, kingine kinasoma kwenye kifaa, wote wawili wamesoma sawasawa, na skrini inawapishanisha kwa urefu wa viwanja vitatu vya mpira. Kwenye mlima au mto mtu ataona. Kwenye mbuga tambarare kosa halionekani wala halijulikani.

Kwa hiyo usikubali kuingiza koodineti isiyotaja msingi wake. Na kwa zile zilizokwisha ingia, tenganisha orodha kwa chanzo, karatasi upande huu na GPS upande huu, kisha rudia wastani wa kila upande. Kundi moja likikaa kwenye sifuri na lingine kwenye mita 300, huna haja ya kutafuta zaidi.

Dalili: taarifa inatoka kesho, au ina umri wa ajabu

Tengeneza safu ya umri: saa mfumo ulipopokea, toa saa tukio lilipotokea. Kisha hesabu ni taarifa ngapi zina umri wa dakika chache, ngapi saa 1, ngapi saa 2, na kuendelea. Kwenye mfumo usio na kasoro zinapungua taratibu kadiri umri unavyopanda. Ukiona kilima kimesimama peke yake mahali fulani, kisome kilipo.

Kilima kwenye saa 3 chini ya sifuri, yaani taarifa zinazotoka mbele ya sasa, ni saa za Afrika Mashariki zilizoingizwa kama saa za Zulu, ile saa ya dunia (UTC) iliyo saa 3 nyuma yetu. Kilima kwenye saa 6 kamili ni sisi wenyewe. Doria inasema kwa redio "saa tatu asubuhi tumeona gari", na kijana anaandika 0300. Kwa saa za hapa ilikuwa 0900. Kiswahili kinahesabu saa kutoka jua linapochomoza, fomu inahesabu kutoka usiku wa manane, na anayetafsiri katikati ni mtu mmoja aliyechoka. Na kama fomu ile ilikuwa ya Zulu, basi kosa linakuwa saa 3, maana saa tatu asubuhi ni 0600 Zulu. Nimeona watu wakilaumu mtandao kwa siku mbili kwa "ucheleweshaji" ambao ulikuwa ni lugha tu.

Kwenye majeshi ya mataifa mengi ongeza saa 1. Brigedi ya Umoja wa Mataifa ya kuingilia kati mashariki mwa Congo, iliyoidhinishwa mwaka 2013, iliundwa kwa askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Goma, Pretoria na Lilongwe ziko saa mbili mbele ya Zulu. Dar es Salaam saa tatu. Askari wa Tanzania anayeacha saa yake ya mkononi kwenye saa za nyumbani anapeleka taarifa zake zote saa moja mbele.

Kuna kosa jingine la saa, baya zaidi, lisiloonekana kwenye kilima chochote: saa inayopotea polepole. Tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran, Saudi Arabia, kombora la Scud la Iraq liliangukia kambi ya Wamarekani na kuua askari 28. Betri ya Patriot, yaani kikosi cha makombora ya kutungua makombora, iliyokuwa ikilinda eneo hilo haikulirushia. Ilikuwa imewashwa kwa zaidi ya saa 100 mfululizo. Kompyuta yake ilihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na sehemu moja ya kumi haiandikiki kwa ukamilifu katika namba za mbili (binari) za kompyuta. Rejesta, sehemu ya kompyuta inayoshika namba, ilikuwa na biti 24 tu, ikaikata mkia. Mkia huo ni mdogo mno, lakini uliongezeka kila mpigo. Baada ya saa 8 dirisha ambamo rada ilitazamia kuliona kombora lilikuwa limesogea mita 55. Baada ya saa 20, mita 137. Baada ya saa 100 saa ilikuwa imekosea sehemu ya tatu hivi ya sekunde, na dirisha limehama mita 687. Scud inakwenda zaidi ya mita 1,600 kwa sekunde. Mfumo ukatazama pasipokuwa na kitu.

Yanayofuata ndiyo yanayonikaa rohoni. Tarehe 11 Februari Waisraeli, waliokuwa wakitumia Patriot, walikwishatoa vipimo vyao vinavyoonyesha dirisha linahama baada ya saa 8. Tarehe 21 ujumbe ukatumwa kwa watumiaji kwamba kuwasha kwa "muda mrefu sana" kunaweza kuleta kasoro, bila kusema muda mrefu sana ni saa ngapi. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran tarehe 26, kesho yake. Kuzima na kuwasha tena kungetosha. Kipimo kilikuwepo. Hakikufika kwa umbo ambalo sajini wa zamu angeweza kulifanyia kazi.

Kwa hiyo kwenye karatasi yako ongeza safu: kifaa kilichotoa taarifa kimewashwa kwa saa ngapi? Panga makosa kwa kufuata safu hiyo. Yakipanda pamoja nayo, una saa inayovuja, na amri unayopeleka kwa kikosi iwe na namba ndani yake: zima na uwashe kila baada ya saa kadhaa, taja ngapi.

Dalili: kitu kimoja, alama mbili; au namba moja, vitu viwili

Hesabu mbili. Ya kwanza: gawanya idadi ya alama kwa idadi ya vitu halisi vilivyothibitishwa. Ikizidi 1, kuna vitu vimechorwa mara mbili. Ya pili huwa haifanywi: ndani ya saa moja, ni namba ngapi za utambulisho zilizoachwa na kitu kimoja zikapewa kingine? Alama mbili humchanganya mtu waziwazi. Namba iliyotumika tena humdanganya huku akijiona ana hakika.

Tarehe 3 Julai 1988 ndege ya abiria ya Iran Air, safari namba 655, ilipaa kutoka Bandar Abbas. Manowari ya Marekani USS Vincennes iliiona na kuipa namba 4474. Manowari nyingine, USS Sides, iliipa 4131. Mifumo ilipooanisha picha zao, ndege ikabaki na namba moja, 4131. Wachambuzi wa baadaye wameonyesha kwamba 4474 ilirudi kutumika kwa ndege nyingine ya kijeshi iliyokuwa mbali. Chumbani watu walikuwa wamekariri namba ya mwanzo. Wakati huo huo afisa mmoja aliyekuwa akichunguza mawimbi ya utambulisho aliacha kipimo chake kikiwa kimeelekezwa kule uwanjani Bandar Abbas, mahali ndege ilipokuwa mwanzo, si ilipokuwa sasa. Alipata alama ya ndege ya kivita, na akaiambatanisha na ndege ya abiria.

Kumbukumbu za Aegis, mfumo wa mapigano wa Vincennes, zilipofunguliwa baadaye zilionyesha ndege inapanda na inatoa alama ya kiraia. Chumbani iliripotiwa kwamba inashuka na inakuja kwa kasi. Mwinuko haukuonekana kwenye skrini kubwa, na hakuna mahali palipoonyesha kama namba hiyo inaongezeka au inapungua. Mtu alipaswa kusoma mara mbili na kulinganisha kichwani, vita vikiendelea. Dakika 7 hivi baada ya kupaa, Vincennes ikairushia makombora mawili. Watu 290 walikufa.

Ungeipima hifadhidata ile siku hiyo ungeipa alama za juu. Ndiyo sababu nasisitiza ile safu ya mwisho, ya nini afisa anaamini. Tofauti kati ya hifadhidata na imani yake ni kasoro ya ubora wa data kama zilivyo nyingine, na dawa yake iko kwenye skrini: mshale wa kupanda au kushuka, namba ya zamani kubaki pembeni kwa dakika kadhaa baada ya kubadilishwa, marufuku ya kuitoa namba tena haraka.

Dalili ndugu yake ni alama inayorukaruka kati ya sehemu mbili kila skrini inapojisasisha. Kwenye mtandao kama Link 16, wa kijeshi wa kupeana data za alama, kila kituo hutangaza ubora wa alama yake kwa daraja la 0 hadi 15, na mwenye daraja la juu ndiye anayeachiwa kuripoti. Kituo kinachojipa daraja kubwa kuliko uwezo wake kitamnyamazisha anayeona vizuri zaidi. Linganisha daraja linalotangazwa na kosa ulilopima kwa mita. Kituo cha daraja la 12 chenye makosa makubwa kuliko cha daraja la 8 kinahitaji fundi, au kinahitaji mtu wa kukipunguzia majivuno.

Na alama inayopotea katikati ya safari? Pima muda ambao kitu kimeonekana bila kukatika. Helikopta huingia mabondeni, rada zikazipoteza. Tarehe 14 Aprili 1994, kaskazini mwa Iraq, ndege mbili za kivita za Marekani zilitungua helikopta mbili za Marekani zenyewe, wakafa watu 26. Helikopta zilikuwa zimeonekana kwa ndege ya rada, kisha zikapotea. Zilikuwa zikitumia alama ya utambulisho na masafa ya redio ya nje ya eneo lile, wakati ndani ya eneo zilitakiwa nyingine ambazo wafanyakazi wa helikopta hawakuambiwa. Kila upande ulikuwa na karatasi yake, na karatasi hazikufanana.

Dalili: mifumo yote inakubaliana, na yote imekosea

Usiku wa tarehe 7 Mei 1999 ndege ya kivita ya Marekani, B-2, ilidondosha mabomu matano juu ya ubalozi wa China mjini Belgrade. Watu watatu walikufa. Mabomu yalianguka pale pale yalipoelekezwa. Aliyetafuta shabaha alikuwa na anwani ya idara ya ununuzi ya Yugoslavia, akakadiria jengo lilipo kwa kulinganisha namba za nyumba za mitaa jirani. Kisha ukaguzi ukafanywa dhidi ya hifadhidata za maeneo yasiyopaswa kupigwa. Ubalozi ulikuwa umehamia jengo hilo mwaka 1996. Hifadhidata zilikuwa bado zinauonyesha mtaa wa zamani. Zikakubaliana zote.

Mashahidi watatu waliosimuliwa na mtu mmoja ni shahidi mmoja. Unapohesabu makubaliano kati ya mifumo kama kipimo cha usahihi, uliza kwanza kila mmoja ulipata wapi habari yake. Na usiridhike na tarehe ya mwisho kuhaririwa. Mtu anaweza kusahihisha herufi ya jina leo na kuifanya rekodi ya miaka minne ionekane mpya. Weka tarehe ya pili: lini mara ya mwisho mtu au picha ilithibitisha kwamba kitu hiki kipo hapa. Hospitali, shule, balozi na kambi za wakimbizi ziwe na muda wake mfupi wa kuthibitishwa upya, na zianze hizo.

Maelezo na koodineti vikipingana, hilo nalo ni kipimo, lihesabu, usilizime. Huko Kunduz, Afghanistan, tarehe 3 Oktoba 2015, koodineti zilizoingizwa kwenye ndege ya mashambulizi ya Marekani, AC-130, ziliangukia uwanja mtupu, zaidi ya mita 300 kutoka shabaha. Wafanyakazi wa ndege wakatafuta jengo linalofanana na maelezo waliyopewa. Lililofanana lilikuwa hospitali ya Madaktari Wasio na Mipaka, iliyokuwa imekwisha kupeleka koodineti zake siku chache kabla. Watu 42 waliuawa. Taarifa mbili zikigombana, jibu la kwanza ni kusimama.

Dalili: namba ni nzuri mno, au zinafanana mno

Tafuta thamani zinazojirudia. Orodhesha kila sehemu ya fomu, hesabu thamani ipi imeandikwa mara nyingi zaidi. Mafuta ya magari yote asilimia 50? Hakuna aliyepima. Vyanzo vyote vimepewa daraja la B2? Mizani ya kijeshi ya habari inakwenda A hadi F kwa mtoaji na 1 hadi 6 kwa habari yenyewe, na F6, "siwezi kupima", ni jibu halali kabisa. Ukikuta F6 haipo hata moja kwenye mwezi mzima, watu wanajaza kwa mazoea. Mara nyingi chanzo ni fomu inayolazimisha jibu: ukimnyima mtu ruhusa ya kusema "sijui", atakupa kitu, nacho kitapita ukaguzi wako wote.

Vifaa navyo hujaza. Desemba 2001, karibu na Kandahar, betri ya kifaa cha GPS ilibadilishwa; kilipowaka kikaonyesha koodineti ya mahali chenyewe kilipo badala ya ile ya shabaha. Zikasomwa. Bomu likawaangukia waliolisoma, wakafa askari watatu wa Marekani na wapiganaji wa Kiafghani waliokuwa nao. Kifaa hakikusema kitu kibaya. Kilitoa koodineti sahihi ya jibu la swali jingine. Kwa hiyo uwekwe ukaguzi mmoja usiopitika: umbali kati ya mwombaji na shabaha ukiwa karibu na sifuri, mfumo ukatae mpaka mtu wa pili athibitishe kwa mdomo.

Na data za mazoezi zikae kwenye nyumba yake. Novemba 1979 kituo cha ulinzi wa anga cha Marekani kilionyeshwa shambulio kubwa la makombora ya Kisovieti ambalo lilikuwa ni igizo la mafunzo lililoingia kwenye mfumo wa kazi. Juni iliyofuata chipu moja mbovu, ya senti 46, ikaanza kuweka tarakimu 2 mahali pa sifuri kwenye ujumbe wa idadi ya makombora. Ujumbe uliobeba sifuri muda wote kwa ajili ya kupima njia ndio uliofanya kosa hilo liwezekane. Ujumbe wa majaribio usifanane kamwe na ujumbe wa kweli.

Dalili: kamanda ana daftari lake

Au ana kundi la ujumbe kwenye simu, au penseli kama yule wa kwetu. Usimshitaki, na usilipige marufuku daftari hata likikera wakubwa. Liombe. Ni rekodi ya mtu mwenye sababu kubwa kuliko wote ya kutaka ukweli, nayo haikupitia mfumo wako. Mimi nililiomba siku ya tatu, nikakaa nalo saa mbili, nikalinganisha mstari kwa mstari. Nilipata makosa 11 ambayo ukaguzi wa mashine haukuona hata moja, manne yakiwa ya dakika na desimali, matatu ya saa.

Baada ya kurekebisha, pima tena, lakini usirudie vitu vile vile 30. Vile vimekwisha sahihishwa na ukaguzi wenyewe, kila mtu alivitazama. Piga kura upya, nusu skrini, nusu medani, na upime zamu ya usiku.